UZI: Watu wa IT wa Lamu na Malindi tuitwe kabla vitu havijanunuliwa, sio vikishaharibika

Mleta uzi, Lamu

Assalaam aleikum wana jukwaa, wa Lamu, wa Malindi na nyote mlioko pwani. Hili jambo limenikaa kooni siku nyingi, na najua humu tuko wengi tunaofanya hii kazi ya IT maofisini, kuna wa mahotelini, wa zahanati, wa shule, wa sako, na wengi wetu uko peke yako ofisi nzima, seva ni yako, printa ni yako, simu ya mezani ni yako, na feni ya dari ikigoma unatafutwa wewe kabla ya fundi wa stima kwa sababu tu ina waya.

Wingi wa kazi hauniumizi, kazi hii naipenda. Kinachoniuma ni kuitwa mwisho. Ofisi inakaa inaamua kununua kompyuta na rauta na kamera, LPO, ile oda ya kununulia, inaandikwa, pesa inalipwa, mzigo unapakiwa basi Mombasa unapita Malindi unapita Garsen unashuka Mokowe unapandishwa boti, unabebwa na hamali ama punda mpaka mlangoni, boksi limeshafika ndo napigiwa simu njoo ufunge. Nafungua nakuta kitu kizuri tu cha kukaa ofisi ya bara yenye hewa kavu, lakini huku kwetu hakina maisha. Nikisema naambiwa risiti imeshakatwa, we funga tu. Miezi ikipita kinaanza kusumbua, na hapo sasa jina langu ndo linatajwa, huyu wa IT hajui kazi. Hakuna mwenye jahazi anayeshona tanga bila kumuuliza nahodha, lakini kompyuta zinanunuliwa hivyo kila siku.

Wacha nieleze kwa wale wanaodhani tunalalamika bure. Adui mkubwa wa kompyuta huku sio vairasi, ni chumvi. Upepo wa bahari, hasa kusi likishika, unakuja na chembe za chumvi ambazo huzioni kwa macho, zinavutwa na feni ya kompyuta zinatua juu ya bodi, na chumvi tabia yake ni kuvuta maji kutoka hewani, kwa hivyo usiku unyevu ukipanda ile chumvi inalowana na kuwa njia ya umeme kutoka pini hii mpaka ile, pahali ambapo umeme haukutakiwa kupita kabisa. Ndo unaona kompyuta jana ilikuwa nzima leo asubuhi haiwaki, jua likitoka na chumba kikikauka inawaka yenyewe, watu wanasema ina mashetani. Haina shetani. Ifungue utaona ukijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye pini.

Ofisi iliyo ndani ndani ya mtaa ina afadhali. Lakini ile inayotazama maji, ama nyumba za Shela zinazopigwa na upepo wa bahari kuu, kifaa cha nje lazima kiwe kimezibwa vumbi na maji, kile cha alama ya IP65 kwenda juu, na skrubu zake ziwe za chuma kisichoshika kutu. Tofauti ya bei ipo, sikatai. Lakini ukinunua cha bei chee utakinunua tena na tena, na kila mara utalipa basi, boti na hamali upya.

Halafu kebo, hapa ndo pesa zinapotea na hakuna anayeziona. Kuna kebo za mtandao ambazo ndani sio shaba, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa macho zinafanana kabisa. Ukitaka kujua chukua wembe ukwangue uzi mmoja, ukiona nyeupe ndani rudisha dukani siku hiyo hiyo. Alumini hukatika ukiikunja mara chache, inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na pale ilipokatwa, shaba na alumini zikikutana na unyevu wa chumvi zinaanza kulana. Kamera inayopata umeme kupitia kebo hiyo ndo ya kwanza kuzimika. Na hata ukiwa na kebo nzuri ya shaba, kumbuka ni mita 100 tu, ukizidisha hapo mtandao unakuwa wa kubahatisha, sasa muuzaji ambaye hajawahi kuona jengo anakutumia boksi moja la mita 305 anakwambia vuta tu mpaka mwisho wa uwanja.

Na kuta zetu. Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba ni za mawe ya matumbawe na chokaa na boriti za mikoko, kuta nene ajabu. Muuzaji anasema rauta moja inatosha ghorofa nzima. Labda kwenye jengo la vioo. Huku mawimbi ya waifai ya gigahezi 5 yakigonga ukuta ule yanafia pale pale, yale ya 2.4 yanajikokota mpaka chumba cha pili basi. Na huwezi kuamka tu na drili ukatoboa, nyumba hizi zina taratibu zake za kuhifadhiwa, unauliza kwanza. Kwa hivyo kebo inapangwa ipite ngazini, kando ya boriti, kila sehemu iwekewe kituo chake kidogo cha waifai, na mambo hayo unayaamua ukiwa umesimama ndani ya jengo, sio ukiwa na katalogi mkononi.

Stima nayo, ikipotea sio mbaya sana, mbaya ni inavyorudi. Inarudi na mshtuko, volti inapanda inashuka, na pawa saplai ya kompyuta ndo inayobeba ule msukosuko. Ofisi inanunua skrini kubwa ya ukutani ya mapokezi halafu inasema UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme stima ikipotea, itangoja bajeti ijayo. Hapo ndo nataka kulia.

Ninachoomba ni kimoja tu, fomu ya kununua kitu chochote chenye waya au betri iwe na nafasi ya sahihi ya mtu wa IT kabla pesa haijatoka. Nyie wenzangu mnasemaje? Na nyie msio wa IT pia semeni, nataka kusikia.

Mchangiaji, Malindi (hoteli)

Mleta uzi umenena, Mungu akubariki. Mimi niko hoteli ya ufuoni huku Malindi na ulichosema cha chumvi ni kweli tupu, kwetu hata bawaba za milango zinaliwa sembuse kompyuta. Niongeze mijusi. Watu wakisikia wanacheka lakini mjusi anapenda joto, anaingia ndani ya UPS ama pawa saplai usiku, anagusa pahali anakaangika pale pale na kifaa chenyewe kinakufa naye. Sikuhizi naomba vitu vyenye matundu madogo, na pale matundu ni makubwa naweka wavu mwembamba ambao hauzibi hewa.

Kitu kingine ambacho hoteli nyingi hazielewi ni kutenganisha mitandao. Mgeni analala chumbani na laptopu yake ambayo hujui imetoka wapi ina nini, na anatumia waifai ile ile iliyo na kompyuta ya mapokezi yenye pasipoti za wageni na mashine ya kulipia kadi. Hapana jamani. Wageni wawe upande wao, kazi upande wake, kamera upande wake. Swichi, kile kifaa cha kugawa mtandao kwa kebo, inayoweza kufanya hivyo si ghali sana ukilinganisha na ile isiyoweza, lakini usipokuwepo wakati wa kununua wataleta ile isiyoweza, na baadaye huwezi kuigeuza, utabaki kuomba nyingine kila bajeti.

Na laini ya intaneti. Mnakumbuka Mei 2024? Tarehe 12 zile kebo za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na huku pwani yetu mtandao ukawa wa shida siku kadhaa. Bosi anakuuliza mbona tunalipia laini mbili na zote zinasuasua. Sababu ni kwamba laini mbili za kampuni mbili zinaweza kwenda kutegemea kebo ile ile chini ya bahari. Kabla ya kusaini uliza, nyinyi mnatokea wapi, mnapita kebo gani, TEAMS, EASSy, au nyingine? Muuzaji akishindwa kujibu hilo mwambie akamlete fundi wao. Wengine sasa wanaweka sahani ya Starlink kama laini ya pili, ilianza Kenya Julai 2023, na kwa akiba ni wazo zuri kwa sababu haitegemei nguzo ile ile ya barabarani. Lakini sahani hiyo iko juu ya paa kwenye upepo wa chumvi, nguzo yake na skrubu zake ni zile zile alizosema mleta uzi.

Mchangiaji, mhasibu, Lamu

Kaka mleta uzi nimekusoma mpaka mwisho na mengi nakubali, lakini wacha niseme upande wetu pia manake umesema unataka kusikia.

Sisi wa uhasibu tuna tarehe, na tarehe hazingojei mtu. Tarehe 9 ni PAYE, kodi ya mishahara, tarehe 20 ni VAT, ankara za eTIMS, zile za kodi za mtandaoni, ni kila siku, 30 Juni kila mtu anakumbuka ritani yake siku ya mwisho. Sasa tarehe 9 asubuhi nakaa niwashe kompyuta nakuta inajiapdeti, asilimia 30, imeganda hapo, na mtu wa IT simu yake haipokelewi. Jambo la pili ni paswadi. Kila mwezi tunalazimishwa kubadilisha, iwe na herufi kubwa na ndogo na namba na alama, isifanane na ya zamani, na hapo mnashangaa mbona tumeiandika kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Binadamu atakumbuka ngapi? Na mkija kueleza mnaeleza kwa lugha ambayo mtu akitoka hapo anahisi yeye ndo mjinga. Watu wengi hawawaiti mapema kwa sababu wanajua wataambiwa hapana, na hawataambiwa kwa nini.

Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu nataka hiyo sahihi mnayoomba mpewe, lakini muitumie vizuri.

Mleta uzi, Lamu

Dada yangu mhasibu, ahsante sana, na hili la paswadi niko upande wako moja kwa moja. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwaka 2017 ikashauri watu wasilazimishwe kubadilisha paswadi kila baada ya muda, ibadilishwe pale kuna dalili kwamba imevuja. Sababu ni hiyo hiyo uliyosema, ukimlazimisha mtu kila mwezi ataweka ile ile na kuongeza namba mbele, ama ataiandika. Afadhali paswadi moja ndefu, maneno manne matano yasiyohusiana ambayo wewe unayakumbuka, na juu yake ule uthibitisho wa pili wa simu. Anayewalazimisha kila mwezi mpelekeeni hoja hiyo.

Ila kupeana paswadi hapana, hapo sitarudi nyuma. Mtu akienda likizo anamwachia mwenzake paswadi yake ya malipo, pesa ikienda pasipojulikana sistimu inasema ni yule aliyekuwa kwao Faza anakula samaki. Mtu mwema anaingia kwenye lawama ambayo hawezi kujitetea. Kumfungulia mwenzako akaunti yake mwenyewe ni kazi ya dakika chache, niambieni mapema tu.

Sasa apdeti. Naomba wote tulielewe hili manake pande zote mbili zina haki. Mei 2017 ile vairasi ya WannaCry ilifunga kompyuta nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, na dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi. Walioumia wengi ni ambao hawakuapdeti. Halafu 19 Julai 2024 ikatokea kinyume chake, apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, viwanja vya ndege vikasimama, na safari hiyo walioumia ni waliopokea apdeti ile, tena inajiweka yenyewe. Kwa hivyo jibu sio kuapdeti kwa pupa wala kukataa. Kwa zile apdeti unazoweza kuzipanga, chagua kompyuta moja isiyo na kazi ya haraka, iapdeti kwanza, ingoje siku chache, ikiwa salama ndo nyingine zifuate usiku, na kamwe sio wiki ya tarehe 9 wala ya tarehe 20. Mtu wa IT anayejua kalenda ya mhasibu wake hawezi kukufanyia uliyofanyiwa. Na kalenda hiyo anaijua akiketi mkutanoni, sio akikaa stoo pamoja na maboksi.

Kuhusu lugha umenena pia. Wenzangu wa IT tulisikie hilo.

Mchangiaji, zahanati, Malindi

Mimi ni muuguzi, si mtu wa IT, lakini mada imenigusa. Kwetu sistimu ikianguka foleni inabaki, mama ana mtoto ana homa, huwezi kumwambia subiri mtandao urudi. Kijana wetu wa IT alifanya jambo moja ambalo nalisifu mpaka leo, alikuja akakaa nasi chumba cha mapokezi asubuhi nzima hasemi kitu anaangalia tu tunavyofanya kazi, halafu akatengeneza fomu za karatasi zenye mpangilio ule ule wa skrini, namba ile ile, safu zile zile. Sasa stima ikienda tunaandika kwenye karatasi, ikirudi mtu anaingiza bila kukisia. Hakununua chochote.

Swali langu ni picha za WhatsApp. Watu wanapiga picha kadi ya mgonjwa wanatumiana ili daktari aone haraka. Nia ni njema kabisa. Lakini simu ni ya mtu binafsi, ikipotea boti au sokoni je?

Mleta uzi, Lamu

Dada muuguzi, huyo kijana mpeni maua yake. Hicho alichofanya ndo kazi yenyewe.

Swali lako ni zito. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti zaidi ya nyingine. Simu yenye kadi za wagonjwa ikiangukia mikono ya watu na kuna hatari ya kweli kwa wagonjwa hao, taasisi inatakiwa impe habari Kamishna wa Data ndani ya masaa 72 tangu ijue. Ofisi ngapi zinajua hilo? Na sio zahanati tu, hizi nyumba zetu za wageni zinazopiga picha pasipoti na kuziacha kwenye simu ya mpokeaji wageni ni mle mle. Njia nyepesi ni zahanati iwe na simu yake ya kazi, yenye kufuli, inayoweza kufutwa kwa mbali ikipotea, na picha zifutwe kila jioni baada ya kuingizwa kwenye sistimu. Lakini tena, simu hiyo ni kitu cha kununuliwa, na bila mtu wa kusema kwa nini, kwenye bajeti itaonekana ni anasa.

Mchangiaji, kijana, Lamu

Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza diploma ya IT, niko nyumbani natafuta, kwa sasa nasaidia saiba moja hapa mjini. Naombeni ushauri, nisome nini zaidi ili nipate kazi hizi za maofisini? Watu wananiambia nisome usalama wa mtandao, wengine wanasema klaudi.

Mchangiaji, Malindi (hoteli)

Marahaba mdogo wangu. Hivyo vyote ni vizuri na utavifikia, lakini anza na mtandao wenyewe, anwani za IP, swichi inafanya nini rauta inafanya nini, kufunga kebo na kuipima, na Linux kidogo. Ukijua hayo klaudi haitakutisha manake huko nako ni kompyuta za watu wengine zilizounganishwa vile vile. Na ukae hapo hapo saiba usiidharau, printa ya saiba itakufundisha subira na itakufundisha hewa yetu. Karatasi ya rimu iliyoachwa wazi msimu wa mvua inavuta unyevu, inajikunja inakwama, mtu anadhani printa ni mbovu anaita fundi anabadilisha rola bure. Weka rimu ndani ya karatasi yake ya nailoni mpaka dakika ya kuitumia, nusu ya kukwama kutaisha. Halafu jifunze kuandika. Kila kitu unachofunga andika, paswadi mahali salama, namba za vifaa, nani alikuuzia, garantii inaisha lini. Nilivyokuja hapa niliyemrithi hakuacha hata mstari mmoja, nilikuwa nafuata waya kwa mkono kama kipofu.

Mleta uzi, Lamu

Mdogo wangu ushauri wa kaka wa Malindi ushike wote. Mimi nakuongezea bekapu. Jifunze bekapu kuliko kitu kingine chochote, manake kompyuta inanunulika lakini daftari za miaka ya ofisi hazinunuliki. Kanuni inajulikana, nakala 3, vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Hii ya nje watu wanaidharau wakati mji wetu ndo unaihitaji kuliko wote, nyumba zimeshikana, makuti juu, vichochoro vyembamba, moto ukiruka hauchagui. Nakala iwe Mokowe, iwe Malindi, iwe klaudi, ilmradi isiwe droo ya meza ile ile iliyo na kompyuta. Na iwe imefungwa kwa paswadi, manake ni data ya watu.

Halafu ijaribu. Kila baada ya muda chukua faili kutoka bekapu, lirudishe kwenye kompyuta nyingine, lifungue, mwite mhusika alitazame athibitishe. Ile alama ya kijani inayosema bekapu imefaulu haitoshi, nimeona pahali diski ilikuwa inasema sawa kila usiku na folda yenyewe ya hesabu haikuwa imechaguliwa.

Mchangiaji, Malindi (duka)

Mimi nitapinga kidogo. Mnazungumza kama kila ofisi ina pesa. Sisi wenye biashara ndogo tunanunua kompyuta za mitumba kutoka ng'ambo, tunanunua kebo ya bei tunayoweza. Ukiniambia IP65 na UPS na swichi ya kutenganisha, nitafunga duka. Hiyo sahihi ya IT ni mambo ya ofisi kubwa.

Mleta uzi, Lamu

Ndugu yangu wa duka, heshima yako, lakini mwenye pesa kidogo ndo anayehitaji kuuliza zaidi, manake wewe huna ya kununua mara mbili.

Tuchukue hizo hizo za mitumba, sizipingi, nyingi ni imara kuliko mpya za bei chee. Lakini Windows 10 Microsoft walimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya karibuni, kwa Intel kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Duka moja utauziwa ya kizazi cha 6, duka la pili ya kizazi cha 8, nje zinafanana na bei inapishana kidogo sana. Usipouliza unarudi na ile ambayo imeshafika mwisho wake. Kumwuliza mtu anayejua ni simu ya dakika tano.

Na ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua UPS nzuri kwanza, ile inayosahihisha volti yenyewe, kabla ya skrini kubwa kabla ya kamera. Iweke pahali penye hewa, sio ndani ya kabati, manake betri zile za risasi zinapimwa maisha yake kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 za joto zinazozidi zinakata maisha hayo karibu nusu. Kompyuta iinue kutoka sakafuni, isikae dirishani upande wa bahari, na usiku ukifunga izime na uifunike ikishapoa. Kitambaa cha kufunikia kipo nyumbani. Mengine yatafuata riziki ikija.

Mchangiaji, meneja, Lamu

Nimefuata mjadala huu tangu juzi kimya kimya. Mimi ni meneja, na ninyi wa IT mnanisema mimi bila kunitaja. Nakubali kwamba tunanunua bila kuwauliza, na sababu yake ni kwamba mtu wetu nikimuuliza ananipa kitu cha bei ya juu kabisa sokoni, bila maelezo. Swali langu kwako mleta uzi, nikikupa hiyo sahihi, kitu ulichokipitisha wewe kikaharibika, tunafanyaje? Nauliza kwa dhati manake nina printa mbili nataka kuagiza wiki hii.

Mleta uzi, Lamu

Mzee, shukrani kwa kujitokeza. Nikiweka sahihi na kitu kikaharibika kabla ya wakati wake, niite nieleze mbele ya wote, na jina langu liandikwe kwenye faili kama la mhasibu linavyoandikwa. Sitaki mamlaka ya kukataa, nataka kuulizwa na kujibu kwa maandishi, sababu, bei ya sasa na gharama ya miaka mitatu, kisha uamuzi ni wako. Na nikikupa cha bei ya juu bila sababu nirudishie karatasi.

Hizo printa usiagize bado. Niambie zitakaa chumba gani, kinatazama maji au kiko ndani, ofisi inachapa kurasa ngapi kwa siku na kuna siku ngapi haichapi kabisa, manake ya wino ikikaa bila kutumika wino unakaukia kwenye vitundu vyake na inakuwa hasara, na pia niambie wino au tona yake inapatikana Malindi au mpaka Mombasa. Nijibu hapa hapa na wenzangu waone, kesho jioni nakuandikia mbili tatu za kuchagua na bei zake.